Chupa ya Jumanne

Mwosha vyombo wa maabara ile alikuwa na sheria moja. Hakuwahi kuiandika popote, kwa sababu ilikaa mikononi mwake. Chupa ikishasuguliwa kwa brashi na sabuni, isuuzwe mara sita: tatu kwa maji ya bomba, tatu kwa maji ya mtambo, yale yaliyogeuzwa mvuke yakarudishwa kuwa maji, yasiyo na chumvi wala ladha. Mwanafunzi akimletea chupa na kudai ameshaiosha mwenyewe, mzee aliiinua dirishani akaikagua kama mama anayekagua shingo ya mtoto anayedai ameoga.

"Umesuuza mara ngapi?"

"Nyingi tu, mzee."

"Nyingi si hesabu. Rudia."

Basi wakamwita Mara Sita. Jina likamfuata mpaka nyumbani, mkewe akalidaka. Akimkuta anaosha vikombe jikoni, alisimama mlangoni na futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, maana alikuwa fundi cherehani, akamwambia, "Mara Sita, hicho ni kikombe cha chai, si cha sumu. Kisuuze mara moja utoke hapo."

Mkewe na maji hawakuelewana. Wingu likijikusanya tu, yeye ameshaanua nguo na kufunga madirisha. Mvua ikimkuta njiani aliingia duka lolote lililokuwa karibu, hata liwe la misumari, akajifanya mnunuzi mpaka ikatike. Kuoga alioga kwa ndoo nusu, haraka, akipiga kelele. Mumewe, ambaye vidole vyake vilishinda vimekunjamana kwa maji siku nzima, alimwita Paka. Waliishi hivyo miaka ishirini na sita.

Mkemia alipohamia maabara ile, miaka minne iliyopita, Mara Sita hakutarajia mengi kwake. Mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe limemzidi mabega, anaongea peke yake. Lakini huyu alikuwa anaosha. Alisuuza mara sita bila kuambiwa, akimtazama mzee kwa jicho la pembeni, na alipomaliza akauliza, "Sawa, mjomba?" Tangu siku hiyo mzee akawa mjomba wake, na chupa zake akaanza kumwoshea yeye mwenyewe, hakumwachia mtu mwingine.

Kazi ya mkemia ilikuwa kutengeneza minyororo. Minyororo midogo isiyoonekana kwa macho, kila mmoja una nusu mbili zisizopatana: nusu inapenda maji, nusu inayakimbia. Aliikuza ndani ya chupa iliyoondolewa hewa yote, kwenye joto, akianza na nusu inayopenda maji kisha akiunga nyingine kwenye ncha yake, pingili kwa pingili. Hewa ikipenya hata kidogo, mnyororo unakoma kukua. Mwisho alipata unga mweupe, mkavu, usio na harufu. Siku ya kwanza Mara Sita alipouona aliguna.

"Wiki tatu kwa unga wa kujaza kijiko?"

"Subiri uone ukiingia majini, mjomba. Nusu inayoogopa maji inatafuta pa kujificha. Zinakimbiliana, zinakumbatiana katikati, na zile nusu nyingine zinabaki nje, zimezizunguka kama ukuta. Inakuwa mpira mdogo mno. Ndani mkavu, nje maji."

"Na nani anazipanga?"

"Hakuna. Zinajipanga zenyewe."

Ndani ya mpira ule alitaka kuweka dawa. Dawa yenyewe nayo iliyakataa maji. Ukiitia kwenye glasi inakaa kama mchanga, na mwilini ni hivyo hivyo, mgonjwa anaimeza inapita tu. Kama ingekubali kujificha ndani ya ile mipira, damu ingeibeba mpaka inakotakiwa.

Mara Sita alimweleza mkewe habari hizo jioni, kwa mikono, juu ya meza ya cherehani. Mkewe akacheka mpaka akaacha kushona.

"Kumbe sisi! Tukitupwa mtoni mimi nitajificha katikati."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki nje unalowa. Si ndiyo kazi yako?"

Miaka miwili minyororo ikagoma. Mkemia aliyeyusha unga wake na dawa katika asetoni, kimiminika kikali kinachopaa upesi hewani, akaweka chupa juu ya mashine yenye sumaku ya kukoroga, akadondosha maji kwa sindano, tone moja moja, pumzi ameibana. Kisha akaiacha chupa wazi mpaka kesho yake, asetoni ipae zake. Asubuhi alikuta kile kile: dawa imetengana, imekaa chini kama maziwa yaliyokatika. Chupa ikaenda kwenye sinki kwa Mara Sita.

"Pole, mwanangu."

"Si bado tu, mjomba."

Kisha mkewe akaugua. Damu yake ndiyo iliyokuwa na tatizo. Walimpa vidonge akavimeza miezi miwili, vikubwa, vya kukwama kooni. Kila asubuhi alisimama mbele ya mumewe na gauni la kulalia, mabega yakizidi kuwa kama kiango cha nguo, akauliza, "Unaona napata nafuu?" Na kila asubuhi Mara Sita alijibu, "Naona."

Hakuwa anaona kitu.

Siku moja alimuuliza mkemia kama ile mipira yake ingeweza kumsaidia. Mkemia aliinamisha kichwa. "Si miaka hii, mjomba. Hata ningefaulu leo." Mara Sita akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akarudi kwenye brashi zake.

Wiki ya mwisho mkewe alilazwa. Dada yake mkewe alikuja kukaa naye, mwanamke mnene mwenye ulimi usio na breki. Jumanne asubuhi Mara Sita alikuwa kando ya kitanda chake, ameshika kikombe cha maji ambacho mgonjwa hakukitaka.

"Nenda kazini," mkewe alimwambia, sauti imebaki nyembamba. "Ukikaa hapa utanisuuza mara sita."

Akaenda. Saa nne na dakika chache alikuwa kwenye sinki na chupa ndogo ya mkemia, ya tumbo la duara na shingo fupi, imejaa povu mpaka juu. Simu ikalia mfukoni. Akafuta mkono kwenye aproni.

"Shemeji," sauti ikasema. "Njoo."

Basi. Hakuna kingine kilichosemwa. Mikono yake, ambayo haikuwahi kuacha chupa ndani ya sinki, ikamwaga povu, ikaipachika chupa kwenye kichanja, mdomo chini, pamoja na nyingine zilizokuwa zinakauka. Akatoka na aproni yake. Alipofika wodini shuka lilikuwa limeshavutwa juu.

*

Alirudi kazini siku ya kumi na moja. Mkemia alikuwa amekuja mazikoni, akasimama nyuma na macho mekundu. Sasa alimngoja mlangoni, akamshika mkono, akampeleka kwenye meza yake. Juu ya rafu ilisimama chupa ndogo ya tumbo la duara, imezibwa kwa kizibo. Ndani yake maji, maangavu, yenye ubuluu hafifu kama moshi wa mbali. Akazima taa, akawasha tochi yake ya mwanga mwekundu, ile nyembamba kama kalamu. Mwanga ukapita ndani ya chupa ukachora mstari mmoja, umenyooka, hautetemeki.

"Unauona mstari? Maji matupu hayana mstari. Hiyo ni mipira, mjomba. Mamilioni kwa mamilioni, na dawa yote imo ndani. Nimepima kwa mashine, saizi moja." Akawasha taa. "Ni ya Jumanne ile. Sikujua nikwambie au nisikwambie."

Mara Sita aliitazama chupa kwa muda mrefu. Ubavuni ilibandikwa karatasi yenye maandishi madogo: *Jumanne*, na tarehe.

Hakuwa mtu wa kuamini ishara. Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuvaa aproni, alipitia meza ile, akainama, akaitazama. Siku ambayo kila kitu chake kilisambaratika, ndani ya jengo lile lile kuna vitu vilikuwa vinatafutana na kushikana. Hilo halikumrudishia mtu. Ila kwenda kazini kulihitaji sababu, naye hakuwa na nyingine.

Shida ni kwamba mipira haikurudi. Mkemia alirudia mara ya pili, unga ule ule, dawa ile ile, sindano ile ile. Dawa ikakaa chini. Ya tatu, ya nne. Akalaumu maji ya mtambo, akabadilisha. Akalaumu joto la chumba, akazima feni, akafanya kazi anatiririka jasho. Akakuza minyororo mipya tangu mwanzo. Ya tisa. Chupa ya Jumanne hakuigusa. Aliogopa hata kuihamishia kwenye chombo kingine.

Na mkurugenzi alikuwa ameshatangaza. Mtu mfupi, viatu vyake vilisikika kabla yake. Aliandikia wafadhili, na wafadhili wakasema watakuja mwisho wa mwezi kuona kwa macho yao; wakiridhika, dawa itaanza safari ya kujaribiwa, kwa wanyama kwanza, watu baadaye.

"Itarudi tu!" mkurugenzi alisema, akimpiga mkemia bega. "Kilichotoka mara moja kitatoka tena. Na isiporudi, si tunayo ile moja? Tutawaonyesha hiyo hiyo."

Mkemia alikonda. Koti lile likawa kama limetundikwa msumarini.

Ilikuwa Ijumaa, mchana, jaribio la kumi na mbili. Alileta chupa kwenye sinki mwenyewe, yenye uji mweupe chini, akaiweka mbele ya Mara Sita, akaegemea ukuta.

"Nimejaribu kila kitu, mjomba. Nimebakiza kutia sabuni tu."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Sabuni inahusikaje?" Mara Sita aliuliza.

"Si binamu yao? Sabuni nayo ina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Ndivyo inavyotoa mafuta kwenye vyombo vyako, inayazunguka inayafunga katikati. Ningetia kidogo tu, dawa yote ingejificha humo, maji yangeng'aa, mwanga ungechora mstari. Wafadhili wangepiga makofi." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Halafu ukiipeleka kwenye damu inaachia kila kitu palepale, na inapasua chembe za damu zenyewe. Hiyo si dawa. Hilo ni povu."

Akaenda zake. Brashi ilibaki imesimama ndani ya chupa. Mara Sita aliusikia ule mlio wa simu tena, ingawa simu ilikuwa kimya. Aliiona mikono yake: inamwaga, inapachika. Akajaribu kukumbuka kusuuza. Mara moja hata. Alitafuta kichwani kote kama mtu anayetafuta funguo, na hakukuta maji, alikuta povu tu na sauti ya shemeji.

*

Jumamosi shemeji yake alikuja kuchukua nguo za marehemu, alizoambiwa azichukue mwezi mzima. Walikaa chumba cha mbele, cherehani kati yao imefunikwa kitambaa. Mara Sita akamweleza yote, taratibu, tangu mipira mpaka chupa. Shemeji alisikiliza huku anakunja magauni.

"Kwa hiyo unataka kwenda kusema."

"Sijui."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Tangu lini sinki likatoa ushahidi? Yule binti atapoteza kazi, wewe utapoteza kazi, na ile chupa uliyokuwa unaniambia kila siku, sijui inang'aa, sijui ya Jumanne, itakuwa maji ya kuoshea vyombo. Umeshafiwa, shemeji. Unataka kujifilisi na cha kutazama?"

Hilo la mwisho lilimwingia, kwa sababu ndilo alilokuwa hajathubutu kulisema. Kazi hakuihofia sana. Alihofia ile rafu asubuhi, bila kitu juu yake.

"Nilimwambia naona," akasema.

"Nini?"

"Dada yako. Kila asubuhi aliniuliza kama anapata nafuu, na mimi namwambia naona. Miezi miwili. Alimeza vile vidonge kwa sababu nilisema naona. Labda ningesema kweli, angeviacha, angelala bila kutapika."

Shemeji aliacha kukunja. Gauni la bluu lilikuwa mapajani mwake, lile lenye mifuko, mkewe alilipenda kwa sababu ya mifuko.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Kwamba unamdanganya. Aliniambia palepale wodini. Alisema, Mara Sita hajui uongo, akidanganya ananitazama sikio. Alisema, miezi miwili ananitazama sikio, maskini, nimeona aibu kumwambia." Shemeji akajipangusa pua kwa kiganja. "Alikuwa anakuuliza ili apate kukucheka. Halafu baadaye si kukucheka tena. Aliuliza ili ujisikie unasaidia."

Mara Sita alinyanyuka akaenda jikoni. Alifungua bomba, akaosha vikombe viwili vilivyokuwa safi.

*

Jumatatu alifika kabla ya wengine. Hakupita kwenye rafu. Mkemia alipoingia alimkuta amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi.

"Mjomba? Vipi tena?"

Mara Sita akajilazimisha kumtazama machoni, yote mawili. Ilikuwa kazi ngumu, kama kushika chupa ya moto.

"Chupa ya Jumanne sikuisuuza."

"Unasemaje?"

"Simu ilikuja. Ilikuwa na sabuni mpaka shingoni. Nikamwaga nikaitundika. Sikusuuza hata mara moja. Ilikauka na sabuni yake, ukaichukua wewe."

Mkemia alivua mkoba begani polepole, akauweka chini, akauokota tena, akauweka juu ya kiti.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika na kila chupa niliyoosha humu miaka kumi na tisa. Na hiyo moja."

"Lete chupa mbili," akasema.

Mara Sita akaosha mbili zinazofanana. Moja akaisuuza mara sita, mkemia akisimama pembeni na kuhesabu kwa sauti. Nyingine akamwaga povu na kuitundika. Walingoja zikauke. Kisha mkemia akaweka unga, dawa na asetoni katika zote mbili, akadondosha maji. Jumanne asubuhi walizikuta juu ya meza. Katika chupa safi, uji mweupe chini. Katika ile nyingine, maji maangavu yenye ubuluu hafifu. Mkemia akawasha tochi. Mstari ukachoreka, umenyooka, hautetemeki.

Akaizima. Akakaa kwenye kigoda, akaweka viganja juu ya magoti kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Miaka minne," akasema.

"Nifokee."

"Sina nguvu za kufoka, mjomba." Kisha akauliza, "Kwa nini hukunyamaza? Hakuna ambaye angejua. Hata mimi nisingejua."

"Kuna mgonjwa angepewa."

Mkemia akageuza uso dirishani. Alilia bila sauti, mabega tu ndiyo yalisogea. Mara Sita alisimama pale na mikono yake mikubwa iliyokunjamana, asijue pa kuiweka. Mwishowe akachukua ile chupa yenye uji, akaenda kuiosha.

Wafadhili walipokuja mkemia aliwaeleza mwenyewe, mkurugenzi amekaa pembeni amefunga macho. Walimsikiliza kwa heshima. Mmoja wao, mwanamke mwenye mvi, alimshika mkono muda mrefu wakati wa kuaga. Baada ya wiki tatu barua ikaja kwamba kazi imesitishwa. Jina la mwosha vyombo mkemia hakulitaja kwa mtu yeyote. Alisema tu, chupa haikuwa safi, na chupa ni zangu. Mkurugenzi hakuuliza zaidi. Viatu vyake vilipita kimya siku zile.

Siku ya mwisho mkemia alifunga vitabu vyake ndani ya boksi mbili. Unga uliobaki aliuweka kwenye kichupa, akaandika juu yake, akauacha kabatini kwa atakayekuja. Kisha akaichukua chupa kutoka kwenye rafu, ile ya Jumanne, akaja nayo kwenye sinki.

"Kwenye kumbukumbu nimeshaandika kila kitu. Hii haihitajiki tena," akasema. "Kama unataka kukaa nayo nyumbani, ichukue, mjomba."

Mara Sita aliipokea. Kwa miezi ile mitatu ilikuwa imebadilika kidogo. Chini kabisa palikuwa na vumbi jeupe, jembamba, dawa iliyoanza kutoka mafichoni.

"Utaenda wapi?"

"Kwa mama kwanza. Halafu nitaona."

"Huko uendako, suuza."

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. "Mara sita," akasema. Akamkumbatia upesi, koti limeshavuliwa, akabeba boksi zake akaenda.

Mara Sita aliing'oa karatasi ya ubavuni, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Akavuta kizibo. Akamwaga maji ya Jumanne sinkini, yakaenda na bomba, hayakuacha hata rangi. Akasugua kwa brashi, chini na shingoni, sabuni ikatoa povu mpaka juu. Akamwaga. Akafungua bomba.

Moja. Mbili. Tatu.

Akahamia kwenye maji ya mtambo. Nne. Tano. Alitulia hapo kidogo, chupa imejaa mkononi, mkono mwingine umelala juu ya mfuko wa suruali, wenye simu. Nje wanafunzi walikuwa wanapita wakicheka.

Sita.

Akaitundika kwenye kichanja, mdomo chini, akasimama akaitazama inavyodondosha. Simu haikulia.